Mtoto wa Mbwa Si Mlinzi: Mambo ya Kutarajia Katika Mwaka wa Kwanza wa Malezi

Kaya nyingi za vijijini na za miji midogo huchukua mtoto wa mbwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni ulinzi. Huenda kuku wameibiwa mara mbili, nyumba imejengwa mbali na majirani, au mbuzi wanahitaji kulindwa dhidi ya fisi. Mtoto huyo huletwa ndani ya kapu au boksi, hufungwa kamba shingoni karibu na banda la mifugo, na tangu usiku wa kwanza familia husubiri abweke na kutisha. Mwezi ukipita bila yeye kufanya hivyo, huanza kuitwa mvivu, mwoga au mla bure. Wengine huamua kumpiga ili awe mkali. Wengine humfungulia aende zake, au humtupa karibu na soko au jalala.

Madhara ya matarajio hayo hayabaki ndani ya kaya moja. Mbwa aliyefukuzwa huzurura, hula jalalani, huzaana na mbwa wengine wasio na mwenyewe, na hakuna anayempeleka kupata chanjo. Yule anayebaki nyumbani akifungwa na kupigwa hukua akiwaogopa watu, na mbwa mwenye hofu huuma kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takriban watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo, suala la namna mtoto wa mbwa anavyolelewa uani linagusa usalama wa mtaa mzima.

Makala haya yanaeleza yale ambayo mfugaji anaweza kuyatarajia kwa haki katika kila hatua ya mwaka wa kwanza, yale asiyopaswa kuyatarajia, na huduma anazopaswa kuzitafuta kwa wataalamu wa mifugo na wa afya.

Wiki nane za kwanza ni za mama

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio hufunguka siku chache baadaye. Meno ya kwanza huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kuanzia hapo huanza kujaribu vyakula laini, ingawa bado hutegemea maziwa ya mama yake.

Wafugaji wengi humchukua akiwa na wiki nne au tano kwa kuwa tayari anatembea na kulamba uji. Uamuzi huo ni wa mapema mno. Kati ya wiki ya nne na ya nane, mtoto hujifunza kwa mama na kwa ndugu zake mambo ambayo binadamu hawezi kumfundisha kwa wepesi. Anapomng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo hukoma. Anapomng'ata mama, mama humkoromea au huondoka. Kwa njia hiyo hujifunza kupunguza nguvu ya taya zake. Anayeondolewa kabla ya somo hilo huja nyumbani bila kujua mipaka, kisha hulaumiwa kwa kutojua.

Inashauriwa mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Mwenye mbwa aliyezaa naye ana wajibu wa kutowagawa mapema kwa kuwa tu chakula kimekuwa tatizo.

Mwezi wa kwanza nyumbani: kulala, kulia na kukojoa

Mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi miwili hulala saa nyingi kwa siku, mara nyingi 18 au zaidi. Usingizi huo ndio humwezesha kukua, kwa hiyo kumwita mvivu ni kutomtendea haki. Watoto wa nyumbani waelezwe kuwa hapaswi kuamshwa kila mara ili achezewe, kama vile mtoto mchanga asivyopaswa kuamshwa.

Katika usiku wa kwanza hadi wiki moja au zaidi, atalia. Ametengwa na joto la mama na ndugu, na yuko mahali asipopajua. Kumpigia kelele au kumchapa kutokana na kilio hicho humwongezea hofu. Inafaa alale mahali pakavu pasipopitisha upepo, juu ya gunia au kitambaa kizee, karibu kiasi cha kuzisikia sauti za watu. Zipo kaya ambazo kwa mujibu wa imani yao mbwa haingii ndani ya nyumba. Hao wanaweza kumwandalia kibanda kidogo barazani au karibu na jiko la nje. Kumfunga peke yake mwisho wa uwanja usiku wa kwanza hakumjengi kuwa mlinzi.

Kuhusu haja, mfugaji asitarajie usafi katika mwezi wa kwanza. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa zaidi ya saa mbili hivi wakati wa mchana. Hukojoa anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Anayetaka azoee kona moja ya uwanja ampeleke hapo katika nyakati hizo tatu, asubiri, na ampongeze mara tu anapomaliza. Akikojoa barazani, pasafishwe vizuri ili harufu isimrudishe pale pale. Wengi huanza kuwa na uhakika wa kujizuia wakiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na wengine huchelewa zaidi. Kumsugua pua kwenye mkojo wake, kama baadhi ya watu wafanyavyo, hakumfundishi chochote isipokuwa kujificha anapojisaidia.

Kipindi kisichorudi

Kati ya wiki ya tatu na wiki ya 12 hadi ya 14, ubongo wa mtoto wa mbwa huwa tayari kupokea mambo mapya bila hofu kubwa. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John L. Fuller walieleza jambo hilo kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1965, baada ya miaka mingi ya kuchunguza watoto wa mbwa huko Bar Harbor, jimbo la Maine. Utafiti mwingine wa mwaka 1961 uliwaweka baadhi ya watoto wa mbwa uwanjani bila kukutana na binadamu hadi walipofikisha wiki 14. Baada ya hapo walibaki wakiwaogopa watu, na kuwazoesha kulikuwa kugumu sana.

Maana yake kwa mfugaji ni hii: mbwa anayefungwa peke yake nyuma ya nyumba tangu akiwa na miezi miwili hupoteza nafasi ya kujifunza kuwa mtoto anayekimbia, bibi mwenye mkongojo, mwendesha bodaboda na mgeni anayebisha hodi ni sehemu ya maisha ya kawaida. Akikua atawachukulia wote kuwa tishio. Wafugaji wengine hutaka hali hiyo wakidhani ndiyo ukali. Mbwa mlinzi anayefaa, hata hivyo, ni yule anayeweza kutofautisha. Hubweka usiku mtu anaporuka uzio, na hutulia mchana jirani anapokuja kuazima jembe. Ni yule tu aliyewazoea watu wa kawaida anayeweza kumtambua asiye wa kawaida.

Katika wiki hizo, mtoto wa mbwa ashikwe kwa upole na watu wa umri mbalimbali, aguswe masikio, miguu na mdomo ili asije akamng'ata mtaalamu wa mifugo baadaye, na asikie sauti za redio, pikipiki na mashine ya kusaga. Kwa kuwa bado hajapata chanjo zote, asipelekwe mahali penye mbwa wengi wasiojulikana, hususan sokoni na machinjioni, ambako anaweza kuambukizwa kirusi cha parvo. Ugonjwa huo husababisha kutapika na kuhara damu, na huua watoto wengi wa mbwa ndani ya siku chache.

Kung'ata, kutafuna na kukimbiza vifaranga

Mtoto wa mbwa huichunguza dunia kwa mdomo. Atang'ata vidole, kanga na kandambili. Ana meno 28 ya utotoni, membamba na makali kama sindano, na kuanzia mwezi wa nne hivi huanza kuyang'oa ili kupisha meno 42 ya ukubwani. Kazi hiyo huendelea hadi mwezi wa sita au wa saba, na ufizi humwasha muda wote huo. Hatafuni viatu kwa kulipiza kisasi wala kwa ubaya wa moyo. Dawa ni kuviweka viatu mbali na kumpa kitu chake cha kutafuna, kama vile kipande cha kamba nene iliyofungwa fundo akiwa chini ya uangalizi. Anapomng'ata mtu wakati wa mchezo, mchezo usimame na mtu huyo aondoke. Akifanyiwa hivyo kila mara na kila mwanafamilia, hali itapungua baada ya wiki kadhaa. Haitakoma kwa siku moja.

Katika uwanja wenye kuku, jambo linalozua ugomvi mkubwa ni vifaranga. Kifaranga anayekimbia humvuta mtoto wa mbwa kama mpira unavyomvuta mtoto wa binadamu. Kutarajia kuwa mbwa wa miezi mitatu atajizuia ni kumtwika jambo lililo juu ya uwezo wake. Hadi atakapozoea, asiachwe huru peke yake karibu na vifaranga. Vifaranga wawekwe kwenye tenga, na yeye apitishwe karibu akiwa amefungwa kamba, akipewa dagaa kila anapowatazama bila kuwarukia. Mbwa wengi wanaolelewa hivyo huishi na kuku kwa amani wakiwa wakubwa, lakini kazi hiyo huchukua miezi.

Fimbo hufundisha nini

Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi hutumiwa na wengi kuhalalisha kipigo cha mapema. Anayeijua kazi ya kukausha samaki anafahamu kuwa samaki mbichi hukunjwa kwa uangalifu, asije akavunjika.

Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake iwapo matokeo hayo yatafuata ndani ya muda mfupi sana, yaani sekunde chache. Mfugaji anayerudi jioni na kumchapa kwa sababu ya yai lililoliwa asubuhi anadhani anafundisha juu ya mayai. Anachojifunza mbwa ni kuwa mwenye nyumba akirudi, maumivu hufuata. Ule mkao wa kuinamisha kichwa na kufyata mkia, ambao watu huutafsiri kuwa anajua kosa lake, mara nyingi ni hofu ya sauti na uso wa mtu aliye mbele yake.

Njia yenye tija ni kumpa malipo papo hapo anapofanya vizuri: dagaa mmoja, kipande kidogo cha muhogo uliochemshwa, au sauti ya upole. Somo liwe fupi, dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi minne, inatosha kujua jina lake, kuja anapoitwa, kukaa na kukubali kamba shingoni. Neno la kuamuru liwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "njoo", mama "huku" na watoto wakipiga mluzi, mtoto wa mbwa hatajua kipi kati ya hivyo vitatu kinamaanisha aje.

Ikumbukwe pia kuwa kumpiga mnyama kikatili, kumnyima chakula au kumtelekeza ni kinyume cha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Pilipili, kukata masikio na imani nyingine

Bado ipo imani kuwa mbwa akilishwa pilipili, au akifungiwa gizani mchana kutwa, atakuwa mkali. Pilipili huwasha mdomo, tumbo na utumbo. Mnyama mwenye maumivu ya tumbo huwa na hasira, na watu huiona hasira hiyo kama ushujaa. Anayefungiwa gizani hutoka akiwa amechanganyikiwa na anaweza kumrukia yeyote, akiwamo mtoto wa nyumba ile ile. Kukata masikio au mkia kwa kisu nako hakuongezi uwezo wa kusikia wala ujasiri, bali hufungua njia ya vidonda na pepopunda.

Uwezo wa kulinda huja na umri. Wapo wanaoanza kubweka kwa kulinda eneo wakiwa na miezi sita au saba, ila wengi hupata utulivu na ujasiri wa kweli kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Hata mbwa wa kazi wanaotumiwa na Jeshi la Polisi hawaanzi kazi wakiwa watoto, na hufunzwa na watu wenye taaluma hiyo. Kwa kaya ya kawaida, mbwa anayebweka kwa wakati unaofaa ameshatimiza wajibu wake. Kazi ya kumkamata mwizi ni ya binadamu na vyombo vya dola.

Balehe: pale masomo yanapoonekana kupotea

Kati ya mwezi wa sita na mwaka mmoja, mfugaji aliyefanya kila kitu vizuri anaweza kukata tamaa. Mbwa aliyekuwa akija anapoitwa huanza kujifanya hasikii. Dume huanza kukojoa kwenye nguzo na miti, kupigana na kutoroka usiku. Jike hupata joto kwa mara ya kwanza, mara nyingi kati ya miezi sita na 12, na madume ya kijiji kizima hukusanyika uani. Hiki ndicho kipindi ambacho mbwa wengi hutelekezwa, ilhali ni hatua ya kupita. Anayeendelea kurudia masomo yale yale kwa subira huyaona yakirudi.

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na kwa kawaida jike huzaa watoto kadhaa kwa mpigo. Ndiyo maana katika maeneo mengi watoto wa kike hutupwa, kwani kila mtu anataka dume. Jike hulinda vizuri kama dume, na mara nyingi hatoroki sana. Tatizo la uzazi linaweza kutatuliwa kwa upasuaji wa kufunga kizazi, na kwa madume kwa kuhasiwa, kazi inayofanywa na daktari wa mifugo kwa kutumia dawa ya usingizi. Kuhasi kwa wembe bila ganzi ni ukatili na ni hatari kwa maisha ya mnyama. Mfugaji ambaye hawezi kugharimia upasuaji anashauriwa kumfungia jike ndani ya banda imara kwa wiki tatu hivi za kipindi cha joto.

Chakula na minyoo

Mtoto wa mbwa ale mara tatu hadi nne kwa siku hadi afikishe miezi minne, kisha mara tatu, na baada ya miezi sita mara mbili. Ugali mtupu au pumba tupu hushibisha tumbo lakini haujengi misuli wala mifupa. Uchanganywe na dagaa, samaki, mabaki ya nyama yaliyochemshwa au maharage yaliyoiva vizuri. Pumba au unga wenye ukungu usitumike kwa kisingizio kuwa ni chakula cha mbwa, kwa kuwa sumukuvu huharibu ini la mbwa na inaweza kumuua. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji safi yawepo muda wote.

Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge kutoka machinjioni au kwa mnyama aliyechinjwa nyumbani asipewe mbwa. Malengelenge hayo yanaweza kuwa na mabuu ya tegu ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake humfikia binadamu kupitia kinyesi na kusababisha uvimbe katika ini au mapafu.

Karibu watoto wote wa mbwa huwa na minyoo, kwa kuwa huipata kwa mama kabla ya kuzaliwa na kupitia maziwa. Tumbo kubwa kwenye mwili uliokonda, lililozoeleka kuitwa shibe, mara nyingi ni dalili ya minyoo. Kwa kawaida dawa huanza kutolewa akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi aachishwe kunyonya, kisha kila mwezi hadi afikishe miezi sita. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo mtaalamu wa mifugo aulizwe. Kinyesi kifukiwe, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika, kwa sababu minyoo hiyo huwadhuru binadamu pia.

Kichaa cha mbwa: jambo lisilovumilia kuchelewa

Makosa mengi katika malezi ya mbwa hurekebishika. Kichaa cha mbwa hakirekebishiki. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu daima huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu 59,000 hufariki duniani kila mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Vifo hivyo vyote vinaweza kuzuilika. Mbwa wasiopungua asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Ndiyo sababu mbwa mmoja asiyechanjwa ni suala la kijiji kizima.

Kwa kawaida chanjo ya kwanza hutolewa mtoto wa mbwa anapofikisha miezi mitatu, na hurudiwa kwa ratiba itakayoelekezwa na mtaalamu, mara nyingi kila mwaka. Kampeni ya chanjo inapofika kijijini, mfugaji awapeleke mbwa wote, pamoja na watoto wadogo, na amwachie mtaalamu uamuzi. Mbwa aliyezoeshwa kamba na kushikwa huchanjwa kwa dakika moja, wakati yule asiyezoeshwa humshinda mwenyewe na kurudishwa nyumbani bila chanjo. Hapo ndipo malezi na afya ya jamii vinapokutana. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na nyaraka nyingine za familia.

Wananchi wanapaswa kufahamu kuwa mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa. Jeraha lake dogo hupuuzwa kwa sababu mng'ataji ni mdogo na alikuwa akicheza. Aidha, mtoto wa mbwa anayedondosha mate na kushindwa kumeza hudhaniwa amekwamwa na mfupa, na mwenye huruma humwingiza mkono mdomoni. Mtu asifanye hivyo. Mbwa wa umri wowote aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma bila sababu, aliyebadilika sauti, anayetokwa mate mengi au anayepooza asiguswe, na taarifa itolewe mara moja kwa afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji.

Mtu akiumwa, akiparuzwa au akilambwa kwenye kidonda na mbwa anayeshukiwa au asiye na chanjo, afanye yafuatayo:

- Aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha.
- Asipake majivu, mafuta, pilipili wala dawa za mitishamba juu ya jeraha.
- Aende kituo cha huduma za afya siku hiyo hiyo, na amalize dozi zote za chanjo atakazopangiwa. Wajawazito na watoto wachanga pia hupewa chanjo hiyo.
- Atoe taarifa ili mbwa huyo, kama anajulikana, awekwe chini ya uangalizi wa mtaalamu kwa siku 10. Matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo ziishe.

Mbwa asiuawe na kufukiwa haraka kabla mtaalamu hajaarifiwa, kwani uchunguzi wa mnyama huyo unaweza kusaidia kujua nani mwingine yuko hatarini.

Kabla ya kupokea mtoto wa mbwa

Familia inayofikiria kufuga mbwa ijiulize maswali manne. Je, yupo mtu mzima atakayewajibika kwa chakula, masomo na chanjo yake, badala ya kazi hiyo kuachiwa watoto? Je, lipo banda na uzio wa kumzuia asizurure? Je, gharama za dawa ya minyoo na chanjo zimetengwa kama zinavyotengwa za ng'ombe na kuku? Na je, familia iko tayari kungoja mwaka mzima au zaidi kabla ya kuona matunda ya kazi hiyo? Kama jibu la swali lolote ni hapana, kufuli imara na taa ya nje vitalinda nyumba vizuri kuliko mbwa asiye na malezi.

Wafugaji wanaohitaji ushauri kuhusu ratiba ya chanjo, dawa za minyoo au kufunga uzazi wafike kwa afisa mifugo wa kata, au waulize ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, ambako matangazo ya kampeni za chanjo hubandikwa. Kila mwaka Septemba 28 huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ni wakati mzuri wa kuikagua kadi ya mbwa. Mwenye mtoto wa mbwa aliyetimiza miezi mitatu hana haja ya kuisubiri tarehe hiyo.